Matiti ya Kichanga Hayakamuliwi

Majirani walimwita Baba Sungura. Alifanya kazi katika maabara. Kila siku alisafisha vizimba vya sungura, akabadilisha maji na kupima chakula.

Asubuhi moja, kabla hajatoka, alimkuta mkewe ameinamia mtoto wao. Mtoto alikuwa wa kiume, mwenye umri wa siku nane. Matiti yake yalikuwa yamevimba pande zote mbili. Kwenye chuchu moja palikuwa na tone jeupe.

"Hebu tazama," mkewe alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto wa kiume anatoa maziwa?"

Mama yake Baba Sungura aliingia na beseni la maji ya moto na kitambaa. Alikuwa amekuja kumsaidia mkwewe kulea.

"Hayo hukamuliwa," alisema. "Nimelea watoto sita, mimi. Sihitaji kufundishwa."

"Sawa, mama. Lakini naomba unisubiri mpaka mchana, nikaulize kwanza. Ukimkamua sasa, nitashinda kazini roho juu."

Bibi aliguna, ila akaliweka beseni chini.

Kazini, Baba Sungura alimweleza mtafiti wa maabara. Mtafiti huyo alikuwa mwanamke mpole, asiyeachana na daftari lake. Hakucheka. Alimpeleka kwenye kizimba cha tatu.

"Huyu jike hajawahi kupandwa na dume," alisema. "Unakumbuka matiti yake miezi miwili iliyopita?"

"Chuchu zilikuwa ndogo. Huzioni mpaka upekue manyoya."

"Tukampa homoni. Homoni ni kama ujumbe unaosafiri kwenye damu. Ujumbe huu uliyaambia matiti yakue. Yakakua, ingawa hana mimba. Kisha tukaacha kumpa. Mguse sasa."

Baba Sungura alimpapasa taratibu. "Yamenywea."

"Basi na mwanao alipokuwa tumboni alipata homoni za mama yake. Matiti ya kichanga, awe wa kike au wa kiume, huweza kuvimba kwa sababu hiyo. Sasa amezaliwa, na homoni hizo zinakwisha mwilini. Uvimbe utapungua wenyewe baada ya wiki kadhaa. Msikamue wala msikande. Mkikamua, vijidudu vinaweza kuingia, likatunga jipu."

Aliandika kitu kwenye daftari, kisha akaongeza, "Ila mimi ni mtu wa sungura. Mpelekeni kliniki leo, muuguzi amwone. Na siku yoyote mkiona titi ni jekundu, lina joto au usaha, au mtoto ana homa, msingoje."

Mchana Baba Sungura aliyarudia maneno hayo nyumbani, moja baada ya jingine.

"Yaani mjukuu wangu unamfananisha na sungura?" bibi aliuliza.

"Kwa matiti tu, mama. Masikio ni ya kwako."

Mkewe alificha kicheko. Bibi hakucheka. Alikuwa bado analifikiria lile neno, jipu.

"Kaka yako ana kovu kifuani," alisema mwishowe. "Nilimkamua siku tatu. Likatunga jipu, akapasuliwa. Miaka yote hii nawaambia watu lilikuwa jicho baya."

Hakuna aliyemlaumu. Mkwewe alisogea akaketi karibu naye. Baada ya muda bibi aliinuka, akayamwaga yale maji.

"Mfunikeni mtoto vizuri," alisema. "Twende kliniki."

Muuguzi alimpima mtoto, naye akasema vilevile: asikamuliwe, aendelee kunyonya. Nyumbani hakuna aliyemgusa kifua tena, isipokuwa kumwogesha. Mtoto alinyonya, akalala, akanenepa. Kufikia wiki ya sita kifua chake kilikuwa bapa.

Siku ya chanjo walikaa kwenye benchi la kliniki. Pembeni yao mama mmoja kijana alikuwa amemfunua binti yake mchanga, anamminya titi kwa vidole viwili. Mke wa Baba Sungura alitaka kusema, lakini bibi alimtangulia.

"Mwanangu, toa vidole hapo," alisema taratibu. "Hata mimi nilikosea hivyohivyo. Sogea nikueleze."