Habari Aliyoificha Nyasuguta

Mwaka 1996 Nyasuguta alikuwa muuguzi mgeni katika hospitali ndogo karibu na Rangwe. Asubuhi alitandika vitanda, akapima joto, akagawa dawa. Kazi hizo alizimudu. Moja tu ilimshinda: kumwambia mtu kwamba mgonjwa wake amefariki.

Saa nne, Mohamednur, mwenye duka sokoni, alikata roho mbele yake. Mwili ukapelekwa mochari. Saa tano mkewe, Kaltum, akaingia na uji.

"Sista, mzee wangu yuko wapi?"

Nyasuguta alijifanya anakunja shuka. "Amehamishwa, mama. Jaribu wodi ile ingine."

Uongo mtupu! Kaltum akazunguka wodi zote, akichungulia kila kitanda. Akarudi akitweta.

"Huko hayuko. Mbona hamniambii?"

Sista Mong'ina, mkubwa wa wodi, alisikia. Akamvuta Nyasuguta kando.

"Hujamwambia?"

"Naogopa atalia, Sista."

"Wacha alie! Ni haki yake. Mpeleke ofisini, mkae. Mwambie wazi kwamba amefariki, halafu nyamaza. Na hawa Waislamu huzika siku hiyo hiyo. Uliuliza kabla ya kumpeleka mochari?"

Hakuuliza. Alidhani kila maiti hungoja wiki mbili, kama kwao.

"Haya, mimi nakimbia mochari kabla hawajamdunga dawa ya kuhifadhi maiti!" Mong'ina akasema.

Ofisini, Nyasuguta alimketisha Kaltum. "Mama, mzee amefariki saa nne. Pole sana. Nilikudanganya kwa woga. Nisamehe."

Kaltum alipiga yowe, akalia kwa muda mrefu. Nyasuguta alikaa naye, hakuangalia saa.

"Nikuitie nani?" akauliza baadaye.

"Shemeji yangu, Abdinasir. Lazima tumwoshe, tumzike leo."

Mong'ina akarudi akihema. Mwili haukuwa umeguswa! Abdinasir alipofika, wauguzi wakawapa chumba cha kuoshea maiti, na karatasi ya ruhusa ya kuzika ikaandikwa mara moja. Kufikia saa tisa walikuwa tayari kuondoka.

Mlangoni Kaltum alisimama. "Alikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Nilimshika mkono. Aliuliza kama umefika."

Kaltum alimtazama kwa uchungu. "Basi na hilo ungenificha?"

 Wiki iliyofuata, mgonjwa mwingine alipofariki, Nyasuguta mwenyewe alimngoja mwana wa marehemu langoni, amwambie.