Bunduki ya Maren na Shati la Babu

Haya ni kweli tupu. Nikiongopa hata nukta moja, ndevu zangu zinyonyoke hapa hapa mezani.

Asubuhi ile ya Novemba, kama kila mwaka, mke wangu Bernice alikuwa akianika nguo za kuwindia nje kwenye baridi ili zitoke harufu ya sabuni, maana kulungu ana pua kali kuliko mbwa wa polisi. Msimu ungefunguliwa Jumamosi. Mjukuu wetu Maren, msichana wa miaka kumi na miwili, angeingia msituni nami kwa mara ya kwanza, na bado hakuwa na bunduki.

Nikamwekea mbili uani: ile kubwa yangu, na ndogo aliyoanzia mama yake.

"Chukua kubwa," nikamwambia. "Miaka thelathini na mmoja iliyopita niliangusha nayo kulungu ng'ambo ya ziwa, hatua mia tano! Kambini kwetu anayemkosa kulungu hukatwa shati mgongoni, kipande kikapigiliwa ukutani. Umewahi kuona changu?"

"Hapana. Lakini haipigi teke begani, Babu?"

"Teke? Inakupapasa tu!"

Kitako cha bunduki kilikuwa kirefu mno kwa mikono yake, shingo ikampinda kama ya bata. Akaziba masikio kwa pamba, akalenga ubao uliosimama mbele ya kilima cha mchanga, akafyatua. Ubao haukuguswa. Akarudia. Wapi!

Mtoto mwingine angesingizia jua. Maren aliilaza bunduki, mtutu ukielekea kilimani.

"Babu, nafumba macho kabla haijalia. Naliogopa teke lake. Nikienda nayo nitamjeruhi mnyama, akateseke huko porini."

"Utazoea. Mimi sijafumba macho tangu nizaliwe."

"Hata ukilala?" Bernice akadakia, vibanio vya nguo mdomoni. "Hebu tuonyeshe, mzee. Lete nikujazie."

Nikalenga kwa madaha. Nikavuta kifyatulio. Tik! Kumbe aliniwekea ganda tupu la risasi. Lakini bega langu lilikuwa limesharuka, macho nimeyafumba fumbu, meno nje.

Maren alicheka hadi akaketi kwenye theluji.

"Na yule kulungu wa ng'ambo ya ziwa?" Bernice akauliza.

Nikakohoa. "Nilimkosa."

Maren akachukua bunduki ndogo. Kitako kilimkaa begani kana kwamba alichongewa yeye. Risasi tatu, matundu matatu, yote yangefunikwa na kiganja changu. Nimewinda miaka hamsini, na sijaona mtu aliyenijaza fahari kama mtoto yule.

"Umeona, mjukuu wangu?" Bernice akasema. "Bunduki nzuri ni ile unayoimudu. Na umeijua yako leo kwa sababu ulisema ukweli mapema. Babu yako amechelewa miaka thelathini na mmoja."

Kisha akampa Maren mkasi.

"Geuka, Babu," Maren akasema.

Nikageuka, na shati langu jekundu la sufu mwilini. Akakata kipande cha mgongoni kwa mkato mmoja, macho wazi. Aliyefumba macho ni mimi.