Albamu za Kusimuliwa

Kambere alikuwa na ubishi mmoja uliomkosesha wateja: hakukubali kuikata albamu. Ukifika kwenye meza yake ya kuuza muziki pale Birere, mjini Goma, katikati ya wabeba mizigo na pikipiki zinazopiga honi bila sababu, ukamwomba akutilie wimbo mmoja kwenye kadi ya simu, angekutazama kana kwamba umemwomba kiatu kimoja. Albamu ina kichwa na miguu, alisema, na aliyeipanga alijua kwa nini wimbo wa huzuni unakuja wa nne. Watu walicheka, wakaenda meza ya jirani.

Msichana aliyesimama mbele yake siku moja ya soko hakucheka. Alivaa kitenge cha kijani kilichopauka, na juu yake koti la kiume lililomfunika mikono mpaka vidole. Vumbi jeusi la Mugunga lilimfika magotini, na Kambere akajua anatoka kambi ya wakimbizi, maana mwaka ule vita ilikuwa imeimwaga nusu ya Rutshuru pale. Umati ulimsukuma akagonga meza, kadi zikamwagika, akainama kuziokota moja moja. Kisha akauliza: mtu asiyejua kitu kabisa, aanze na albamu gani?

Kambere hakuwahi kuulizwa swali tamu hivyo. Akamweleza kuhusu wazee fulani wa Kinshasa wenye magitaa matatu, mawili yakibishana na la tatu likiyasuluhisha. Akamweleza kuhusu kwaya ya Bukavu iliyorekodi kanisani siku ya mvua, mabati yakisikika mpaka mwisho. Akamweleza kuhusu mama mmoja wa Butembo, kwao Kambere, aliyeimba nyimbo nane kwa Kinande, na wa saba hauna maneno. Msichana alisikiliza amefumba macho. Jina lake lilikuwa Alliance. Alipoondoka alikuwa amepewa kadi yenye albamu kumi na mbili, na moyo wa mwenye meza pia, ingawa huo hakuambiwa.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Alikuwa akija mjini na kaka yake Gradi kutafuta vibarua, na akimaliza kufua nguo za watu anapitia mezani. Kambere alimtania kwamba koti lile lingewatosha wawili. Naye akamjibu aache kelele, aeleze albamu. Jioni walipigiana simu mpaka mtandao ukatike. Siku moja neno "chérie" lilimponyoka Kambere, na Alliance hakulikataa.

Wiki ya tatu Kambere alitamani naye asimuliwe. Akamuuliza ile albamu ya kwaya inaishaje. Alliance akasema ni nzuri. Akamuuliza mama wa Butembo anaanza na gitaa au na sauti. Alliance akatazama ndala zake.

"Hujasikiliza hata moja," Kambere akasema.

"Bado."

"Wiki tatu, Alliance. Kumbe unakuyaka hapa kunichezea tu."

Alliance aliifungua kadi kwenye pindo la kitenge, akaiweka mezani, akaenda. Kambere, kwa kiburi cha kijinga, alimwacha aende, na simu hakupiga.

Alivumilia siku tisa. Ya kumi alipanda pikipiki hadi Mugunga, akaulizauliza kati ya mahema mpaka akampata mama yake Alliance, Mama Marie-Claire, akichambua maharage. Alipojitambulisha, mama hakumfukuza. Alimwambia kwamba baba wa watoto, Télesphore, alipigwa risasi siku walipokimbia, wakamfukia haraka nyuma ya migomba, bila hata kumlilia. Kilio chake, yaani matanga, hakingemalizwa mpaka jamaa wasimame juu ya kaburi. Na katika ukoo wao, nyumba yenye kilio haisikilizi muziki, wala haipokei maneno ya mahari. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya mstari wa vita.

Kambere aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alimkuta Alliance kwenye foleni ya maji.

"Ju ya nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha kunielezea," Alliance akasema. "Ile miziki, wakati unaisema, mi nilikuwa naisikia. Kwa kinywa tu, hakuna mwenye alikataza."

Tangu hapo Kambere alikwenda Mugunga kila Jumapili. Walikaa juu ya mawe ya volkano akimsimulia albamu moja mwanzo hadi mwisho, bila kuimba hata sauti moja, maana Mama Marie-Claire alikuwa karibu na masikio yake hayakuchoka. Mizinga ya upande wa Sake ilimkatiza, akangoja, akaendelea. Alimpenda vibaya sana, na hakuwa na mlango wa kupitia.

Kisha vita ikaingia mjini kwenyewe. Kambere alilala sakafuni siku nne, na alipotoka alipita kando ya maiti ambazo hakuthubutu kuzitazama usoni. Kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Alliance aliondoka juu ya lori pamoja na mama yake na Gradi, na Kambere alikimbia kando yake mpaka pumzi ikamwishia.

Siku kumi na nane simu haikupatikana. Halafu ikaita.

"Kilio ya papa tuliimaliza jana," Alliance akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi. "Sasa mutu wangu, uniambie. Nianze na gani?"

"Ungoje. Nitakuletea mwenyewe, samedi, pamoja na papa mudogo Hilaire. Tuongee na mama."

Alliance alicheka, akamwambia basi Hilaire ajifunze kuongea polepole, mama hapendi watu wa haraka. Kambere hakuwahi kumsikia akicheka hivyo, na aliamini vikwazo vimekwisha.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, simu ikaita tena. Gradi alikuwa amekwenda kulima shamba la baba yao, jembe likagonga bomu lililobaki ardhini.

"Kilio imeanza upya," Alliance akasema. "Usikuye, Kambere. Utafute mwingine. Mi nimechoka kukungojesha."

Hilaire alimwambia mtoto huyo wa kaka yake wazi kwamba safari imekufa, hakuna mtu mwenye heshima anayepeleka posa penye msiba. Kambere alikubali kwamba posa haiendi. Alifunga meza, akapanda pikipiki ya Rutshuru mikono mitupu, akavuka vizuizi vyote akijibu kwamba anakwenda kuzika.

Alikuta uani watu wamekaa kimya, wanaume upande wao. Mzee Hitimana, ndugu wa marehemu Télesphore, akamuuliza ni nani katika nyumba ile. Kwenye kilio kila mtu hukaa kwa undugu wake, na Kambere hakuwa na undugu wa kutaja. Alibaki amesimama.

Alliance alitoka jikoni, majivu mikononi. Alimwona.

"Ni bwana yangu," akasema mbele ya wote.

Watu wakageuka kumtazama mama. Jambo lile halisemwi siku ya kilio, na halisemwi na binti. Mama Marie-Claire akamgeukia Mzee Hitimana.

"Mumupe fasi ya mukwe," akasema.

Wanaume wakasogea kwenye benchi. Kambere akakaa kati yao, na machozi aliyoyazuia tangu Goma yakamtoka, akamlilia shemeji aliyemjua kidogo tu. Hakuuliza kilio kitaisha lini.