Kisanduku cha Kumi na Nne

"Dada, ipokee hiyo simu kwa upole. Moyo wangu wote umo humo."

Karani wa mapokezi hakucheka. Asubuhi ile watu walijazana mbele ya meza yake, mawakili na mafaili yao, waandishi wa habari waliotimuliwa ngazini, mashahidi wenye nyuso za msiba, na kila mmoja alitakiwa kuacha simu kabla ya kupanda ghorofa ya tatu kuhojiwa na tume. Huyu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikakakamaa. Hadi uchunguzi ulipoanza alikuwa dereva wa Mheshimiwa, waziri aliyekuwa akichunguzwa kwa dawa za hospitali zilizoyeyuka. Karani aliitia simu kwenye kisanduku cha kumi na nne cha kabati lake, akampa kibati chenye namba hiyo.

"Moyo unarudishwa saa kumi, kaka. Ukipoteza kibati, shauri yako."

Walianza hivyo. Dereva aliitwa kila Alhamisi, akaulizwa yale yale kuhusu maboksi ya dawa aliyoyashusha nyumbani kwa bosi wake, na hivyo ikaenda miaka minne. Miaka minne, jamani! Kuna watu wameoana, wamezaa na wameachana ndani ya muda huo. Kanuni za kazi zilimkataza karani kuwa na uhusiano na shahidi, kwa hiyo wao waliambulia simu za jioni na Jumapili chache nyumbani kwa mama yake. Mama mwenyewe aliwaambia majirani kwamba yule kijana ni fundi wa friji. Majirani wakabaki kujiuliza friji gani hiyo isiyopona.

"Uchunguzi ukiisha tu, naleta posa wiki hiyo hiyo," dereva alimwambia kwenye simu.

"Utanikuta na mvi, we baba."

"Nitazipaka rangi mwenyewe, mpenzi. Moja moja."

Halafu Alhamisi moja, dereva akiwa juu, kisanduku cha kumi na nne kikatetemeka. Karani akachungulia kioo cha simu. Mheshimiwa. Iliita mara tatu. Dereva alikuwa amemwapia kwamba tangu uchunguzi uanze hajasema hata neno na mtu yule. Alipoteremka, karani alimsukumia simu bila kumtazama.

"Bosi wako kakutafuta. Kumbe bado mnaongea."

"Ngoja nikueleze..."

"Mwingine!" karani aliita.

Kwa wiki tatu hakupokea simu zake. Aliamini dereva amenunuliwa, na jambo hilo lilimuuma kuliko kama angemfumania na mwanamke. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kugawa vibati. Ukweli ni kwamba dereva hakununuliwa. Aliipokea simu ya Mheshimiwa mara moja tu, na hiyo moja ilimtosha.

Jumatatu ya wiki ambayo tume ingesoma ripoti yake, dereva alitokea mezani. Shati halikuwa na pasi na macho yalikuwa mekundu.

"Leo si siku yako," karani alisema.

"Nakwenda kufuta maelezo yangu. Nitasema sikuona kitu. Wakili wangu anasema bila mimi hawana kesi, Ijumaa wanafunga faili. Jumapili naleta posa."

"Bosi wako amekupa nini?"

"Angenipa kitu ningemtukana. Aliniuliza tu kama mama yako bado anakaa nyumba ile yenye mlango wa kijani." Dereva alishusha sauti. "Halafu akauliza, eti friji imepona?"

Karani akakaa. Neno posa alilisubiri miaka minne, na sasa alilichukia. Aliogopa, aliogopa sana, lakini aliona pia kwamba mtu aliyeijua friji yao asingewaacha hata faili likifungwa.

"Nakutaka mpaka naumwa," alimwambia. "Lakini siolewi hivi. Panda ukawaambie alichokuuliza, neno kwa neno."

"Wataanza upya. Pengine miaka mingine minne."

"Basi mvi utazikuta."

"Na mama?"

"Mama niachie mimi. Lete simu."

Dereva aliiweka mezani. Karani alimpa kibati, kisha akamshika mkono na kuubusu mbele ya foleni nzima. Mkuu wa walinzi alikuwa amesimama pale pale, akaandika kitu kwenye daftari lake. Karani alijua hiyo kazi imekwenda. Dereva alipanda ngazi akigeuka nyuma kila hatua, hadi akapotea kwenye kona.

Hazikupita dakika tano kisanduku cha kumi na nne kikaanza kutetemeka. Mara hii karani hakuchungulia. Alichukua simu yake mwenyewe, akampigia mjomba wake, kisha mama yake.

"Mama, fungasha nguo. Mjomba anakuja kukuchukua sasa hivi. Usimfungulie mtu mwingine."

Mama alisikika akivuta begi uvunguni.

"Na fundi wangu?"

"Yuko juu, mama," karani alisema, huku kabati likiendelea kutetemeka nyuma yake. "Atachelewa."