Vitenzi Vinne vya Dobi

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika, kila mtu anataka kuhudumiwa yeye kwanza, na katikati ya zogo hilo msichana mwenye gauni la zambarau alikuwa akibishana na muuzaji juu ya pasi.

"Nakwambia inatoa mvuke!"

"Imeandikwa wapi?"

"Si hapo? Kiingereza hicho, dada."

Mfasiri mmoja, aliyeingia kununua balbu tu, alishindwa kujizuia. Kutafsiri maelekezo ya mashine na dawa ndiyo kazi iliyomweka mjini. Akalichukua boksi, akalisoma. "Dada, hii haitoi mvuke. Wanasema usiitie maji hata tone."

Muuzaji akanuna. Msichana akacheka mpaka mwanya ukaonekana. "Asante, Bwana Kamusi." Mfasiri akatoka dukani bila balbu, lakini namba ya simu alikuwa nayo.

Msichana alikuwa dobi katika chumba cha kufulia cha shangazi yake. Basi Bwana Kamusi akawa hakauki pale.

"Shati hili mbona safi?"

"Lina mikunjo."

"Mikunjo umeitia mwenyewe njiani, mpenzi, nakujua!"

Wakapendana kweli. Halafu siku moja dobi akamwambia kwamba hoteli kubwa ya ng'ambo inatafuta watu. Mtihani wenyewe unafanyika hapahapa mjini, nao ni wa mikono: msimamizi anataja kitenzi kwa Kiingereza, wewe unatenda. "Nifundishe, mpenzi. Nikipita, nitasimamia chumba kizima cha mashine. Nisizeekee nyuma ya pasi ya shangazi."

Wakaanza hapohapo, bila karatasi. Yeye anataja, msichana anatenda. "Wring," na kitambaa kinakamuliwa. "Iron," na pasi inashuka. Msichana alishika upesi mno, na kadiri alivyoshika ndivyo moyo wa mwalimu ulivyoingia baridi.

"Na soak?" msichana aliuliza.

"Kusuuza," akajibu. Uongo huo ulimtoka laini kabisa, maana soak ni kuloweka. Na rinse, ambayo ndiyo kusuuza, akaiita kuloweka. Na fold, ambayo ni kukunja, akaibadilisha na hang, ambayo ni kutundika. Alijiambia atasahihisha kesho. Kesho ikafika, msichana akaimba vitenzi vyake huku akimkaanga kwa macho ya mapenzi, na mwoga yule akanyamaza.

Siku ya mtihani dobi alirudi na macho mekundu. Msimamizi alikuwa ametikisa kichwa tu na kumwita mwingine.

"Nimeaibika! Mwalimu mzuri hivi, mwanafunzi zuzu. Hofu ilinichanganya."

"Usilie, mpenzi," alisema, akamfuta machozi kwa leso yake.

Alipata alichokitaka: msichana hakuondoka. Lakini ofisini aliletewa maelekezo ya mashine ya kufulia, akafika kwenye kusuuza, akaukazia macho mstari ule mpaka chai ikapoa. Kila mara msichana alipomshukuru kwa uvumilivu wake, alitamani ardhi ipasuke.

Jioni moja aliwakuta dobi na mdogo wake wa kike wamesimama mbele ya beseni.

"Soak ni kusuuza," dobi alikuwa akimfundisha. "Mimi hofu ilinichanganya, wewe usiogope. Shika hivihivi alivyosema Bwana Kamusi."

Hapo hakuweza tena. "Usimfundishe hivyo," alisema. "Si kweli. Nilikugeuzia vinne. Makusudi, usije ukaniacha."

Mdogo mtu akateleza nje. Dobi alibaki ameshika kitambaa kinachochuruzika.

"Nililia nikijiita mjinga," alisema taratibu. "Ukanifuta machozi."

"Nisamehe."

"Wewe huyohuyo! Toka."

Alitoka. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa. Kulala kulimshinda. Asubuhi akavaa shati lake la mikunjo, akaenda ofisi ya yule msimamizi wa hoteli, na mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni akasema wazi kwamba msichana yule alifundishwa uongo na mtu aliyemwamini, na mtu huyo ni yeye.

Msimamizi, mama mtu mzima, alimpima kwa macho juu mpaka chini. "Na unataka aende?"

"Sitaki," alijibu. "Lakini anastahili kupimwa kwa haki."

"Mwambie aje."

Dobi alikuwa bado hapokei simu zake, kwa hiyo akampigia shangazi. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, wewe ni mwovu," kisha akaufikisha ujumbe.

Zikapita siku za kimya. Siku simu ilipoita, alikaribia kuiangusha.

"Nimepita," sauti ya dobi ilisema. "Nimejifunza upya, kwa kamusi ya jirani. Naondoka Jumapili. Miaka miwili."

"Hongera," alisema, na machozi yakamlenga, maana alifurahi kweli, na iliuma vilevile. "Najua sina haki ya kuuliza. Nikusubiri?"

Upande wa pili wa simu alisikia maji yakimwagika kwenye beseni.

"Bwana Kamusi."

"Naam."

"Wait, maana yake nini?"

"Kusubiri," alisema. "Naapa, mpenzi. Kusubiri."

"Haya," alisema dobi, na kwa mbali, kwa mbali sana, mfasiri alisikia kicheko kile cha dukani. "Ngoja kwanza nikaangalie kwenye kamusi."