Gauni Alilolipenda Fundi

Kila siku akitoka shule, Kasuku alivua sare, akala kilichobaki jikoni, kisha akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake. Kazi yake ilikuwa kukata nyuzi zilizoning'inia na kushona vifungo. Mdomo nao haukupumzika. Aliimba, akaongea, akaimba tena, ndiyo maana mtaa mzima ulimpachika jina hilo.

Wiki hii, lakini, alikuwa amenuna.

"Una nini wewe?" mama aliuliza.

"Sina kitu."

Alikuwa nacho, tena kizito. Jumamosi iliyopita, katika chumba cha nyuma cha kanisa, yeye na rafiki yake Kidoti walikuwa wakipiga pasi majoho ya kwaya. Kasuku aliacha pasi juu ya joho akakimbilia dirishani kutazama watu waliokuwa wakigombana barabarani. Aliporudi, joho lilikuwa na tundu jeusi. Mwalimu wa kwaya alipouliza, Kasuku akawahi kujibu, "Kidoti ndiye aliyekuwa na pasi." Kidoti alikana mpaka machozi yakamtoka. Mwalimu akamwambia asipige ngoma wala asiimbe mpaka ajifunze kusema kweli.

Kasuku hakuwa tayari kuusema ukweli, kwa kuwa Jumapili hii yeye ndiye angeongoza wimbo. Lakini usingizi nao ulimpaa. Basi akaamua kumalizana na Mungu kwa njia nyingine.

Jumatatu alifagia kanisa zima bila kutumwa na mtu. Jumatano alifunga, na kwenye somo la hesabu tumbo lake likanguruma hadi darasa likaangua kicheko. Alhamisi alipiga magoti akasali kwa maneno marefu marefu mpaka miguu ikaingia ganzi. Kila alipoinuka, alimwona Kidoti akilini, amesimama palepale na joho mkononi.

"Sasa Mungu anataka nini zaidi?" alifoka peke yake. "Nimefagia, nimefunga, nimesali!" Aliona anaonewa kabisa.

Ijumaa alasiri, muuza nyanya wa sokoni alikuja kuchukua gauni lake. Mama alilikunjua kwa madaha. Lilikuwa na lesi kifuani, mikono ya kubana na zipu ndefu mgongoni. Muuza nyanya alilitazama mbele na nyuma, akashusha pumzi.

"Limependeza, fundi. Ila mimi naingiaje humo?"

"Kwani vipi, dada?"

"Si nilikwambia? Mkono huu niliuvunja, haunyanyuki vizuri. Nikasema mikono mipana, vifungo mbele, basi. Hiyo zipu ya mgongoni nitaifungaje, nipige kelele majirani waje?"

Mama aliomba radhi, akaahidi kulirekebisha kabla ya Jumapili. Mteja alipoondoka, alishika wembe akaanza kufumua lesi, huku akinung'unika.

"Lakini mama, si ni zuri?" Kasuku aliuliza.

"Zuri sana! Nimelishona ninavyopenda mimi, hapo ndipo nilipoharibu. Mwenyewe alinieleza anachotaka, nikaitikia ndiyo, ndiyo. Halafu hapa nilikuwa nimeanza kukasirika eti hakushukuru."

"Na kama ungeongeza lesi nyingine?"

"Mwanangu, lesi ingemsaidia nini mtu asiyeweza kulivaa?"

Mkasi wa Kasuku ulisimama. Katika mafundisho ya Jumapili walishaambiwa, si mara moja, kwamba Mungu hutaka mtu apatane kwanza na aliyemkosea, kisha ndipo amletee sadaka yake. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Wiki nzima alikuwa akiongeza lesi.

Akaanza kulia, akamweleza mama yake yote, kuanzia pasi hadi mfungo. Alitarajia kubembelezwa. Mama hakumbembeleza.

"Mungu alikuomba ufagie?"

"Hapana."

"Alikuomba nini?"

"Niseme kweli. Nimwombe Kidoti msamaha."

"Basi weka huo mkasi uende."

Kidoti alikuwa akiosha vyombo uani kwao. Alimsikiliza Kasuku mpaka mwisho bila kuacha kusugua sufuria.

"Hayo umeniambia mimi," alisema. "Mimi nilikuwa nayajua. Wale waliokuamini wewe je?"

Kasuku alitamani kukasirika, akakosa sababu. Kesho yake, kwenye mazoezi, alisimama mbele ya kwaya nzima. Sauti ambayo kila mtu aliisifu ilimtoka nyembamba na ya kukwaruza, lakini alisema kila kitu. Mwalimu wa kwaya akamgeukia Kidoti, aliyekuwa ameketi pembeni.

"Nilikuhukumu bila kukusikiliza, mwanangu. Nisamehe. Njoo kwenye ngoma yako." Kwa Kasuku alisema, "Kesho utaimba mstari wa nyuma. Wimbo atauongoza mwingine."

Iliuma, na Kasuku hakujifanya haijauma. Jumapili alisimama nyuma ya wavulana warefu, hata mama yake hakumwona vizuri. Ngoma ilipoanza, Kidoti aligeuka kidogo akamtazama, na safari hii hakukunja uso. Kasuku akaimba kama wengine, si zaidi. Alipofumba macho katika sala, hakumwona mtu mwenye joho lililoungua.

Wakitoka, walimkuta muuza nyanya mlangoni, amevaa gauni la mikono mipana na vifungo mbele, halina lesi hata kidogo. Alikuwa akicheka na kusalimia watu kwa mkono uleule wenye hitilafu.

Mama alimshika Kasuku bega. "Unaona? Kumpa Mungu vitu vizuri si kosa, mwanangu. Kuimba ni kuzuri, hata kufunga. Lakini tumwabudu anavyotaka yeye, tusimshonee tunachopenda sisi halafu tukamlaumu kwa kutopokea. Ameshatuambia anachotaka. Kazi yetu ni kusikiliza."

"Ndiyo, mama," Kasuku alijibu, akamkimbilia Kidoti aliyekuwa akimsubiri getini.