Mguu Ni wa Nyangi

Nyangi wa Suguti alikuwa mtu wa kuamka mapema. Alinunua dagaa ziwani, akawaanika, kisha akawapeleka Nyakato, mjini Musoma, kuwauza. Mume wake, Abraham, alilima mihogo. Nyumba yao haikuwa na makuu, lakini sufuria haikulala tupu, na binti yao Yuliana alikwenda shule ameshiba.

Siku moja Nyangi alikuwa akivuka barabara pale Nyakato, beseni la dagaa kichwani. Pikapu iliyotoka Bunda ikamgonga. Dereva alikuwa akiangalia simu. Naye hakuwa mgeni. Alikuwa Mugeta, mtoto wa mjomba wake Abraham. Mugeta alimbeba shemeji yake huku analia. Polisi walipima barabara, wakaandika. Hospitali wakasema paja limevunjika.

Nyangi akiwa bado kitandani, ukoo ulikutana Suguti. Upande wa Mugeta ulileta ng'ombe wa kuomba radhi. Mzee Magige, baba mkwe wa Nyangi, alimpokea. Ng'ombe akachinjwa, watu wakala pamoja, wakapeana mikono. Kwa ukoo ule, waliokula nyama hiyo hawadaiani tena. Ni jambo jema, maana limezuia ugomvi mwingi. Lakini wanaume wale, mbele ya nyama, walisahau kumuuliza mtu mmoja.

Miezi ikapita. Mfupa uliunga vibaya.

"Mama, mguu umepinda," daktari alisema. "Unatakiwa upasuliwe Mwanza, uwekewe chuma. Ukichelewa sana, hutatembea tena bila magongo."

Abraham alikuwa ameshauza alichoweza kuuza. Nyangi alikaa uani na magongo yake, akiwatazama wenzake wakienda ziwani. Hilo lilimuuma kuliko paja lenyewe.

Ndipo Debora alipokuja kumjulia hali. Debora alikuwa jirani, tena msaidizi wa kisheria wa pale kijijini.

"Mama Yuliana, umedai fidia?" aliuliza.

"Nidai wapi? Wazee walishamalizaga. Walikula ng'ombe."

"Na wewe ulikula?"

"Mimi si nilikuwaga hospitali?"

"Sasa aliyesamehe ni nani?"

Nyangi aliutazama mguu wake uliopinda.

Debora alivuta kigoda. "Sikia, dada. Wewe ni mtu mzima. Aliyeumia ndiye mwenye madai. Mtu mwingine hawezi kukusamehea kama hukumtuma. Halafu, sheria inataka kila gari barabarani liwe na bima kwa ajili ya watu linaowaumiza. Hiyo bima ndiyo ilipe matibabu yako. Mama yake Mugeta hatalazimika kuuza ng'ombe. Ila usilale. Madai ya kuumia yana muda wake, miaka mitatu tangu ajali. Ikipita, mlango unafungwa."

Jioni mzee Magige alisikia habari hizo, akawaka.

"Mnataka nionekane mtu gani? Nilishika mikono ya watu!"

Nyangi hakuwahi kumjibu baba mkwe wake. Siku hiyo alimjibu.

"Baba, mimi nakuheshimu. Lakini nyama mlikula ninyi. Mguu ni wangu."

Mzee alitoka nje. Abraham aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Mama Yuliana amesema kweli. Kesho tunaenda mjini."

Debora aliwasindikiza. Nje ya mahakama, bwana mmoja mwenye tai aliwafuata. "Nipeni kianzio tu. Kesi hii nimeshashinda." Debora akamwomba leseni yake ya uwakili. Ghafla bwana yule akakumbuka kuna mtu anamsubiri.

Wakili Clementi, katika ofisi yake, aliwaonyesha leseni ya mwaka ule mara moja.

"Siwezi kukuahidi ushindi, mama," alisema. "Anayekuahidi hivyo, mkimbie. Malipo yangu tunaandikishana leo, na nakala moja unabaki nayo. Niletee PF3, ile fomu ya polisi, ripoti ya daktari na risiti za hospitali. Na usisaini karatasi yoyote ya bima kabla sijaisoma."

"Na Mugeta? Mimi ndiye nitakayemfunga?"

"Hapana. Kesi ya uendeshaji wa kizembe ni kati yake na Serikali. Ipo hata usipodai. Kinachotusaidia sisi ni yeye kusema ukweli."

Nyangi alimfuata Mugeta nyumbani kwao, kwa magongo. Kuna wajomba waliokuwa wamemshauri Mugeta aseme kwamba Nyangi aliruka barabarani mwenyewe.

"Shemeji, sina vita na wewe," Nyangi alisema. "Sema ilivyokuwa, basi."

Mugeta hakuweza kumtazama. Lakini siku ya mahakama alisimama akasema, "Nilikuwa naangalia simu. Shemeji hakuwa na kosa." Alitozwa faini. Jioni ile alikula, akalala usingizi mzuri, jambo ambalo mama yake alikuwa hajaliona tangu ajali.

Kampuni ya bima ilizungusha. Barua ikajibiwa kwa barua. Clementi akafungua kesi, na hapo bima wakakubali kulipa. Wakili alimsomea Nyangi makubaliano yote, neno kwa neno, ndipo akasaini. Alipasuliwa Mwanza. Mguu haukurudi kama zamani. Bado anachechemea kidogo, na siku za baridi unamsumbua. Lakini magongo ameyaacha, na dagaa wake wako Nyakato.

Mwezi uliopita, huko Butiama, pikipiki ilimvunja mkono Agness, binti wa dada yake Magige. Ukoo ukakutana. Upande wa dereva ulileta ng'ombe mnono. Wote wakamtazama mzee Magige, wakingoja akubali.

"Agness mwenyewe yuko wapi?" aliuliza.

"Si yuko hospitali, mzee. Sisi tunamalizaga hapa hapa."

"Basi hapa hatuna cha kusamehe," mzee alisema. "Mwenye mkono hayupo. Mimi niliwahi kusamehe mguu usio wangu. Sirudii."

Akachukua kofia yake, akamgeukia mkamwana wake aliyekuja naye.

"Mama Yuliana, twende hospitali. Wewe ndiye utakayezungumza naye."

Nyangi alikuwa ameshasimama.